Farasi Asiyefika Ujiji



Nimeombwa kusema juu ya filamu, nami nimechagua aina moja tu, zile zinazotengenezwa ili wazazi na watoto wao wakae mbele yake pamoja bila ya mtu kuona haya, na ambazo kisa chake, ukiondoa majina ya watu na rangi ya mnyama, ni kimoja tangu miaka ya arubaini ya karne iliyopita hadi leo. Kuna kijana, aghalabu aliyefiwa na mzazi au asiyesikilizana na baba yake. Kuna farasi mwitu aliyewashinda watu wazima wote. Kijana anamwendea peke yake, anamnyooshea mkono wenye chakula, anatimuliwa, anarudi. Hatimaye farasi anainamisha kichwa, kijana anapanda mgongoni, na wale waliokuwa wakimcheka wananyamaza. Ndivyo ilivyo hadithi ya Flicka, iliyotoka katika kitabu cha Mary O'Hara cha 1941, ikafanywa filamu 1943, kisha ikafanywa tena 2006 na yule mvulana akageuzwa msichana. Ndivyo ilivyo pia Crin-Blanc ya Mfaransa Albert Lamorisse, ya 1953, iliyopigwa katika mabwawa ya Camargue, ingawa hiyo ina ujasiri wa kumalizika kwa huzuni, farasi na mtoto wakiogelea kuelekea bahari kuu wasikoonekana tena.

Katika jamii hiyo yote, ninayoiweka mbele ni The Black Stallion, iliyoongozwa na Carroll Ballard na kutolewa 1979, kutokana na hadithi ya Walter Farley iliyochapishwa mwaka ule ule wa 1941. Meli inaangamia karibu na pwani ya Afrika ya Kaskazini. Mtoto Alec na farasi dume mweusi wanasalimika, wanatupwa katika kisiwa kisicho na mtu. Na kwa muda mrefu, muda ambao mtengenezaji mwingine angeujaza maneno, hakuna anenaye. Farasi ana njaa, kisiwa ni mawe na mchanga. Mtoto anampelekea mwani wa baharini, naye farasi anasogea, anarudi nyuma, anasogea tena, mpaka njaa inaishinda hofu. Na siku anapompanda kwa mara ya kwanza anampanda ndani ya maji, ambako kuanguka hakuumizi. Mtoto yule, Kelly Reno, alikuwa kweli mtoto wa wafugaji wa Colorado, na farasi Cass Ole alikuwa kweli wa nasaba ya Kiarabu, ndiyo maana hakuna ulaghai katika namna wanavyotazamana. Nusu ya pili, iliyo na mashindano ya mbio na makofi ya watu, mimi huitazama kwa adabu tu. Filamu ilikwisha pale kisiwani.

Mtaniuliza, na ni haki yenu kuuliza, farasi ana nini na watu wa Ujiji? Watoto wetu wanawatazama farasi hao katika vibanda vya video na katika simu, huku mfasiri anayesema juu ya filamu akiwatilia Kiswahili na mizaha yake, lakini wachache mno miongoni mwao wamepata kumwona farasi kwa macho. Sababu yake si umasikini wala si kutojua. Sababu yake ni inzi aitwaye mbung'o.

Henry Morton Stanley alipoondoka Bagamoyo mwaka 1871 kumtafuta Livingstone, alikuwa na farasi wawili, mmoja wao wa kijivu, wa Kiarabu, aliyepewa na Sayyid Barghash, Sultani wa Unguja. Hawakufika mbali. Walipokuwa Kingaru, siku chache tu kutoka pwani, yule farasi wa Sultani akafa, akazikwa karibu na kambi. Na jumbe wa mji akaja kudai nguo kwa fidia, kwa kuwa mzoga umefukiwa katika ardhi yake bila ya idhini. Stanley akamjibu kwamba kama ndivyo, atawaamuru watu wake wamfukue na kumwacha juu ya ardhi pale pale alipoangukia. Jumbe akaona ni heri kusamehe, wakapatana. Haukupita muda na farasi wa pili akafa naye. Stanley aliwapasua, akaona minyoo na ugonjwa wa tumbo, na hakuwa tayari kumtia mbung'o hatiani. Lakini lau wangepona Kingaru, mbele yao kulikuwa na miombo ya Unyamwezi na bonde la Malagarasi, na huko mbung'o hangewaacha. Ilipofika siku ile mashuhuri ya kuonana na Livingstone hapa Ujiji, Stanley aliingia mjini kwa miguu yake, bendera mbele na bunduki zikilia, na punda wengi aliotoka nao wakiwa mifupa njiani.

Kazi ya mbung'o ilikuja kufahamika barabara mwaka 1895, pale daktari wa jeshi la Kiingereza, David Bruce, alipothibitisha katika nchi ya Wazulu kwamba ugonjwa wa nagana huletwa na kijidudu kinachoishi katika damu, na kwamba inzi huyu ndiye anayekihamisha kutoka mnyama wa porini, asiyedhurika nacho, hadi mnyama wa kufugwa. Farasi ndiye dhaifu kuliko wote: homa inampanda na kushuka, miguu na tumbo vinavimba, anakonda huku anakula, kisha analala asiamke. Wamisheni wa London waliojaribu kuja kwetu kwa magari ya ng'ombe katika miaka ya 1876 na 1877 walipoteza ng'ombe wao, na mwaka 1878 wakafika Ujiji kama walivyofika wengine wote, mizigo ikiwa juu ya mabega ya wapagazi. Mwaka uliofuata, Mfalme Leopold wa Ubelgiji aliona atamshinda mbung'o kwa ukubwa, akaagiza tembo wanne wa Bara Hindi, waliofundishwa, wakateremshwa Msasani karibu na Dar es Salaam. Na kati ya wanne hao ni mmoja tu aliyefika Karema, kusini yetu katika pwani hii hii ya ziwa. Hiyo ndiyo filamu ambayo mimi ningelipa kiingilio kuitazama: tembo aliyezaliwa Hindi, amebaki peke yake, anayaona maji ya Tanganyika.

Basi kijana wa Kigoma anapotazama farasi anatazama mnyama wa hekaya. Si vibaya, hekaya nazo ni sehemu ya malezi. Ila kuna jambo moja ambalo filamu hizo hazimwambii. Huyo anayeitwa farasi mwitu wa Marekani si wa mwitu kwa asili. Ni mtoro. Babu zake waliletwa na Wahispania ndani ya merikebu, wakakimbia, wakazaana nyikani. Na kabla ya merikebu hizo, jamii ya farasi ilikwisha kukaa mkononi mwa binadamu kwa maelfu ya miaka, ikichaguliwa kizazi baada ya kizazi, mkali akichinjwa na mpole akizalishwa. Kijana wa filamu anapomtuliza kwa siku tatu, anavuna shamba lililolimwa na watu wasiohesabika. Mwenye shaka na amtazame binamu yake aliye hapa kwetu, punda milia. Wajerumani walijaribu kumfuga chini ya Kilimanjaro walipotawala, wakitumaini kupata mnyama wa kubeba asiyeuawa na mbung'o, wakamwacha. Kwani punda milia ana meno, ana mateke, na hana katika damu yake kumbukumbu yoyote ya mkono wa mtu.

Hatari inaanza pale kisa cha farasi kinapohamishiwa kwa mnyama ambaye si farasi. Bara letu limeletewa hadithi hiyo mara nyingi. Simba Elsa wa Joy Adamson, aliyelelewa Kenya na kurudishwa porini, alipata kitabu mwaka 1960 na filamu ya Born Free mwaka 1966. Ballard mwenyewe, yule wa The Black Stallion, alirudi 2005 na filamu iitwayo Duma, ya mvulana na duma wake; kisa chenyewe kilitoka kwa familia ya Hopcraft, iliyoishi na duma katika shamba la mifugo karibu na Nairobi, lakini filamu ikakipeleka Afrika ya Kusini. Ni filamu nzuri, naipenda. Ila mtazamaji huinuka kitini taa zinapowaka, na mnyama je, huenda wapi? Katika Flicka ya 2006, farasi wawili walikufa wakati wa kupiga picha. Na waigizaji wale wale wa Born Free walipocheza filamu nyingine Kenya, kulikuwamo ndama wa tembo aitwaye Pole Pole. Filamu ilipokwisha akapelekwa London, katika bustani ya wanyama, na huko akafa mwaka 1983 akiwa bado kijana kwa umri wa tembo. Waigizaji hao, Virginia McKenna na Bill Travers, hawakuweza kulisahau hilo, wakaanzisha jumuiya ya kupinga kuwafungia wanyama namna hiyo. Nadhani hakuna uhakiki wa filamu za aina hii uliowahi kuandikwa ulio mkali kuliko huo, nao umetolewa na wachezaji wake.

Sasa twendeni kaskazini, kiasi cha kilomita 16 kutoka Kigoma mjini, mpaka Gombe, maana pale kisa cha kijana na mnyama wa mwitu kilitokea kweli, mbele ya kamera, na kikaenda njia ambayo watunga filamu za farasi hawakuifikiria.

Jane Goodall alifika Julai 1960 kuwachunguza sokwe, naye ana miaka 26, pamoja na mama yake, Vanne, kwa kuwa watawala Waingereza walikataa msichana akae msituni peke yake. Kigoma ilikuwa imefurika Wabelgiji waliokimbia Kongo siku zile za uhuru. Mama na bintiye hawakupata chumba cha hoteli, wakapiga hema katika uwanja wa jela, wakasaidia kuwatengenezea wakimbizi mikate ya nyama. Kisha wakaenda kwa boti hadi Gombe, pamoja na mpishi wao Dominic. Kwa miezi mingi sokwe walimkimbia wangali mbali. Yeye akakaa juu ya kilima kile kile kila siku, amevaa nguo za rangi ile ile, hafuati wala hajifichi, mpaka wakamzoea kama walivyozoea jiwe.

Wa kwanza kumkaribia alikuwa dume mwenye ndevu nyeupe kidevuni, aliyemwita David Greybeard. Na kilichomleta kambini, enyi watu wa Kigoma, kilikuwa ni mchikichi. Mti ulikuwa umesimama karibu na hema, chikichi zake zimeiva, naye akaja kula, akaona ndizi mezani, akachukua. Baadaye, siku moja, Jane alikuwa akimfuata katika vichaka, wakakaa kando ya kijito, naye akaokota chikichi iliyoiva, nyekundu, akamnyooshea katika kiganja. David akageuza uso. Jane akasogeza mkono zaidi. Ndipo sokwe akamtazama, akaipokea ile chikichi, akaidondosha chini, asiile. Kisha akaushika mkono wa yule binti, taratibu, kwa vidole vyake, akauachia. Hakuitaka chikichi, wala hakutaka kumwudhi aliyempa.

Ulinganisheni mkono huo na ule wa Alec wenye mwani. Kisiwani, chakula ni bei, na kinachonunuliwa ni mgongo wa farasi. Gombe, chakula kilikataliwa, na salamu ikarudishwa bure. Mtunga filamu mjuzi angeikata picha pale, muziki ungepanda, nasi tungefuta machozi. Lakini maisha ya Gombe yaliendelea, na yaliyofuata ndiyo yenye elimu kubwa zaidi.

Kwa kuwa ndizi ziliwaleta sokwe kambini, ziliongezwa. Hugo van Lawick, aliyekuja mwaka 1962 na kamera yake, aliwapata karibu kuliko mpiga picha yeyote kabla yake, na filamu iliyoonyeshwa Marekani mwaka 1965, sauti ya Orson Welles ikisimulia, iliwashangaza watu. Ila huku nyuma sokwe walianza kujazana mahali pamoja kuliko ilivyo ada yao, wakigombana wao kwa wao na kupigana na nyani kwa ajili ya ndizi. Ikabidi ndizi zifungiwe masandukuni, zitolewe kwa kipimo. Mwaka 1966 ugonjwa wa kupooza uliotoka kwa wanadamu ukawapata sokwe, wengine wakafa, wengine wakaburuta viungo maisha yao yote, na chanjo ikabidi ifichwe ndani ya ndizi zile zile. David Greybeard mwenyewe alitoweka 1968, katika msimu wa maradhi ya kifua. Basi pole pole yale yote yaliyoonekana kuwa ni mapenzi yakaondolewa: kugusana kukakatazwa, ndizi zikapunguzwa, na kufikia mwaka 2000 hazikutolewa tena. Kule Mahale, ambako Toshisada Nishida wa Chuo Kikuu cha Kyoto alianza 1965 kwa kuwavuta sokwe kwa miwa, mambo yaliishia hivyo hivyo. Leo mgeni wa Gombe au Mahale hukaa mbali kwa kipimo, mwenye mafua hapandi mlimani, na watoto wadogo hawaruhusiwi kabisa. Na atakayeona masharti hayo ni ukali wa maofisa tu na akumbuke mwaka 2002, pale dume mmoja mashuhuri wa Gombe, Frodo, aliyekua mbele ya wanadamu na kamera zao tangu utotoni, alipomnyakua mtoto mchanga wa binadamu na kumwua. Hakuwa amegeuka mwovu. Sokwe huwinda, na kuzoea kuwaona watu hakukumfanya mtu.

Hapa ndipo ninapofika kwa wale ambao kamera haikuwapa nafasi. Mwaka 2017 ilitoka filamu Jane, ya Brett Morgen, iliyotengenezwa kwa zaidi ya saa mia moja za picha za van Lawick zilizokuwa zimewekwa ghalani. Ni nzuri kwa macho, na wengi wenu mnaijua. Inamwonyesha binti mmoja na msitu mmoja, kana kwamba milima ile haikuwa na watu. Lakini kuanzia miaka ya sitini vijana wa vijiji vyetu walikuwa wakiajiriwa kuwafuata sokwe, na miongoni mwao Hilali Matama ndiye aliyekuwapo, Januari 1974, alipovamiwa sokwe dume aitwaye Godi na madume wa kundi la kaskazini, tukio lililofungua vita vya miaka minne baina ya makundi mawili ambavyo wataalamu wa ulimwengu mzima wamevisoma. Mwaka 1975, watu wenye silaha walipovuka ziwa usiku na kuwateka wanafunzi wanne, watafiti wa kigeni wakaondoka. Kumbukumbu za kila siku hazikukatika, kwa sababu wafanyakazi Watanzania waliendelea kuziandika, nao wakiziandika kwa Kiswahili.

Jitieni mawazoni kazi yenyewe. Mtu anaamka kungali giza, anapanda hadi chini ya mti ambao sokwe alijenga kiota jana, anangoja. Sokwe anapoamka, anaandika saa. Anamfuata kwenye miteremko ya kutambaa, ndani ya mvua ya masika, akiandika alichokula, aliyekutana naye, aliyemchokonoa kupe, mpaka jioni anapojenga kiota kingine. Ndipo mtu naye anageuka kutafuta njia ya kurudi nyumbani. Kesho anarudi. Katika siku zote hizo sokwe hampi chochote. Naye mtu hampandi, hamshiki, hamwiti, na akifanya kazi yake vyema ni kama hayupo. Huo ndio urafiki na mnyama wa mwitu kama pwani yetu ilivyoufahamu, na mimi nauona una heshima kubwa kuliko ule wa hatamu na tandiko, ingawa nakiri ni mgumu kuuzia tikiti.

Mgumu, lakini si muhali. Ballard alithibitisha kwamba watoto wanaweza kukaa kimya sehemu kubwa ya filamu kama kilicho mbele yao ni cha kweli. Kina mandhari gani kisiwa kile cha filamu yake, kilichopigwa Sardinia, ambayo kijiji chetu cha Mwamgongo hakina? Tuna ziwa lenye kina kinachokaribia mita 1,470, tuna karabai za wavuvi wa dagaa usiku, tuna boti zinazopakia watu, mawese na magunia pamoja, na tuna vijana wa miaka kumi na mitano ambao babu zao walijua sauti ya kila sokwe wa bonde la Kakombe. Ziwa hili limewahi kuingia katika sinema ya dunia bila hata ya kupigwa picha: The African Queen ya 1951 ilitokana na hadithi iliyochochewa na vita vya Wajerumani na Waingereza katika maji haya, ikapigwa Kongo na Uganda. Naona deni hilo bado halijalipwa.

Goodall alifariki Oktoba 2025, naye ana miaka 91. Jumuiya ya vijana aliyoianzisha mwaka 1991 ilianza na wanafunzi wachache wa sekondari katika baraza ya nyumba yake, Dar es Salaam, wala hakuwafundisha kumpakata sokwe. Aliwauliza ni kitu gani kinaharibika karibu na shule yao. Wale wazee waliotembea nyuma ya sokwe katika miaka ya sitini na sabini nao wanapungua, na wanayoyajua mengi yamo vichwani mwao, hayamo katika madaftari.

Kwa hiyo ombi langu kwenu, vijana mliojaaliwa simu zenye kamera, na kwenu nyinyi mnaotengeneza filamu hapa Kigoma kwa fedha za kuchangishana, ni hili. Waacheni farasi kwa wenye farasi. Watazameni, wapendeni, jifunzeni kwao namna ya kunyamaza mbele ya mnyama. Kisha pandeni boti Kibirizi, mshuke Mwamgongo au Mtanga, muwatafute wazee hao mmoja mmoja, muwaombe ruhusa kwa adabu, na muwarekodi wakisimulia, kabla ya kuandika mstari wa kwanza wa filamu yenu.